Jinsi ya Kaunti Sita Kumiliki Gari Moja la Zimamoto Bila Kushikana Mashati

Kutoka Mtwapa hadi mjini Kilifi ni kama kilomita 40. Kutoka Mtwapa hadi kisiwani Mombasa hazifiki 20. Mwenye duka linaloungua Mtwapa anajua bila kutazama ramani ni gari lipi la zimamoto lingemfikia kwanza, na anajua pia kwamba gari hilo si la kaunti yake. Mkono wa bahari unaopita chini ya daraja la Mtwapa ndio mpaka: kusini ni Shanzu ya Mombasa, kaskazini ni Kilifi. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, kuzima moto na kukabili majanga ni jukumu lao, pamoja na ambulensi, taa za barabarani, barabara za kaunti na mitaro ya maji ya mvua. Yote hayo yamo kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010.

Mwongozo huu ni wa magavana, mawaziri wa fedha wa kaunti, wawakilishi wadi, na kila mwananchi anayeitwa kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti, akapewa soda, akaambiwa muda umekwisha. Unataka jambo moja: kaunti za Pwani zichange fedha, ziendeshe huduma ya pamoja ya zimamoto na uokoaji, na mchango huo uwe mstari kwenye bajeti ya kila mwaka. Gari moja ni la kuanzia. Likifanya kazi, mengine yatafuata. Nitawatania njiani, kwa sababu baadhi ya mnayoyafanya yanachekesha. Lakini kila ninapowaambia fanyeni, nataka mfanye.

Acheni fulana, leteni kitabu cha chama

Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta tayari zina umoja wao, Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Una jina, una sekretarieti, na magavana wake wamekwisha kupigwa picha za kutosha. Kwa hiyo msianze na jina jipya. Msibuni nembo. Msichapishe fulana. Kongamano la siku mbili kwenye hoteli ya ufukweni, lenye mabango, mabegi ya zawadi na tamko la kurasa nne, halijawahi kuzima hata jiko la mkaa.

Afisa wa sheria akisema kaunti hazina uwezo wa kufanya kazi hii pamoja, mpeni kiti, chai na Katiba, afungue kifungu cha 189. Hapo pameandikwa kwamba serikali za kaunti zitashirikiana katika kutekeleza kazi zao, na kwa ajili hiyo zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Kamati hukutana. Mamlaka huajiri, hununua na huwajibika. Ombeni mamlaka.

Mfano wa kuiga mnao nyumbani. Kila mwakilishi wadi ana mama, dada au mke aliye kwenye chama cha akina mama, na chama kile kina nidhamu ambayo bunge la kaunti lingeionea wivu. Siku ya kuchanga inajulikana. Kiasi kinajulikana. Mweka hazina anajulikana, na kitabu chake kinafunguliwa mbele ya wote. Anayechelewa anatoa faini, hata akiwa ndiye mwenyekiti. Na mwanachama akifiwa, pesa zinatoka siku ileile. Maswali yanangoja mazishi yaishe.

Basi andikeni mkataba wenu kwa mtindo huo. Kaunti gani italipa kiasi gani, tarehe ngapi, kwenye akaunti ipi, nani watatia sahihi ya kutoa, na itakuwaje isipolipa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aikague akaunti hiyo kama anavyokagua fedha nyingine za umma. Hapa kwenye adhabu muwe waangalifu sana. Kaunti isiyolipa ipoteze kura kwenye mamlaka, ipoteze zamu ya uenyekiti, iwe ya mwisho kwenye foleni ya kupata kituo kipya. Lakini kamwe isinyimwe gari moto unapowaka. Mama wa Gongoni au wa Msambweni hakuchelewesha malipo yoyote. Aliyechelewesha anaishi mbali na moshi.

Na msiahidi msichokuwa nacho. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, na hakuna gavana anayeweza kuwahamisha kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kaunti zinaweza kusimamisha taa za mulika mwizi, kuzibua mitaro, kulipa wazimamoto, kuweka mafuta kwenye ambulensi. Hiyo ni kazi ya kutosha. Mgombea anayepanda jukwaani kuahidi vituo vya polisi huku taa za stendi yake zimezimika tangu mwaka juzi, mwulizeni kuhusu taa.

Mjue nani anamnywesha nani

Mombasa huja mezani na ukaka mkubwa. Ina bandari, ina hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ina jiji. Haina mto wa kuutegemea. Maji yake yanatoka Baricho kwenye bonde la Sabaki, kaunti ya Kilifi. Yanatoka Marere na visima vya Tiwi, kaunti ya Kwale. Na yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kaunti ya Taita Taveta, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950 na kushuka zaidi ya kilomita 200 hadi Pwani kwa nguvu ya mteremko. Chemchemi zenyewe zinalishwa na mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu na kupenya kwenye mawe ya volkano. Wenyeji wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji yanapita karibu na mitungi yao mikavu kwenda kujaza matangi ya wengine, na kwamba wanastahili fungu katika mapato yake. Malalamiko hayo ni ya haki.

Kwa hiyo gari la zimamoto la Mombasa likifungua mpira, linamwaga maji ya Kilifi, ya Kwale au ya Taita Taveta. Wekeni jambo hilo juu ya meza kikao cha kwanza, kabla ya chai ya saa nne. Linabadilisha mazungumzo yote. Mombasa haiwafanyii majirani hisani inapovusha gari daraja la Mtwapa, na majirani hawaombi. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hawezi kuishi bila hicho.

Ukitaka kuona jinsi deni linavyokwenda pande mbili, tazama Likoni. Likoni ni Mombasa kwa ramani, lakini gari la zimamoto linalotoka kisiwani lazima livuke kwa feri, likisubiri na matatu na mikokoteni, au lizungukie Dongo Kundu. Gari lililoegeshwa Ng'ombeni au Tiwi, ndani ya Kwale, halina bahari ya kuvuka. Mtu wa Likoni anamhitaji jirani wa Kwale vilevile kama mtu wa Mtwapa anavyomhitaji jirani wa Mombasa. Gavana wa Mombasa akiona shida kuchangia kituo kilichojengwa kwenye ardhi ya Kwale, apelekwe Likoni saa kumi na moja jioni, aonyeshwe foleni ya feri.

Na maji hayo ya mabomba si ya uhakika. Mombasa inapata sehemu ndogo tu ya maji inayohitaji, na mitaa mingi inagawiwa kwa zamu. Hidranti, ile mifereji ya chuma ya kando ya barabara ambayo zimamoto huchomeka mipira yake, ikiwa kwenye mtaa ambao zamu yake ni Jumanne, basi moto nao utatakiwa uwake Jumanne. Pampu za Baricho zikizimwa kwa sababu ya deni la umeme, kama ilivyowahi kutokea, mabomba yanakauka Malindi, Kilifi na Mombasa kwa pamoja. Bwawa la Mwache linalojengwa Kinango, Kwale, limepangwa kutoa lita milioni 186 kwa siku, na litaihudumia Mombasa pamoja na Kwale. Ni miundombinu ya kunywa, na ni miundombinu ya kuzimia moto. Anayekaa kwenye mazungumzo ya Mwache kwa niaba ya kaunti yake na asiulize hidranti zitawekwa wapi, amekaa bure.

Kuna jambo moja ninalolipigania zaidi ya mengine. Bomba la Mzima, kwa sehemu kubwa ya safari yake, linaandamana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, likipita maeneo ya Voi, Mackinnon Road, Samburu na Mariakani hadi Mazeras. Barabara hiyohiyo ndiyo inayobeba malori ya bandari, yakiwemo ya mafuta na ya gesi. Kenya haijasahau Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ajali kama hiyo ikitokea kati ya Voi na Mariakani, bomba kubwa la maji liko palepale karibu na barabara, na gari la zimamoto likiishiwa maji litarudi mjini kujaza. Wekeni sehemu za kujazia kwenye bomba hilo, kila baada ya umbali fulani, zenye funguo mikononi mwa wazimamoto. Bomba liko chini ya wakala wa serikali ya kitaifa wa maji Pwani, kwa hiyo kaunti moja ikienda kuomba itaambiwa iandike barua. Zikienda kaunti tatu, Taita Taveta, Kwale na Kilifi, zikiwa na fedha za kulipia vifaa mkononi, barua itajibiwa haraka zaidi.

Hesabu ya mchango, kwa kalamu na karatasi

Hapa ndipo mashati hushikwa. Kila kaunti inataka kituo kiwe kwake na bili iwe kwa jirani.

Chukueni sensa ya 2019. Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787. Mombasa 1,208,333. Kwale 866,820. Taita Taveta 340,671. Tana River 315,943. Lamu 143,920. Jumla ni 4,329,474, na Kilifi ni zaidi ya Lamu kumi.

Tuseme mnataka kuchanga shilingi milioni 120 kwa mwaka. Ni kiasi nilichochagua kwa ajili ya hesabu tu. Atasimama mtu aseme tugawane sawa, sisi sote ni ndugu. Milioni 20 kila kaunti. Maneno matamu, lakini kila mkazi wa Lamu atakuwa amelipa kama shilingi 139, na kila mkazi wa Kilifi chini ya 14. Undugu huo una mdogo anayebebeshwa mzigo. Atasimama mwingine aseme nusu tugawane sawa, nusu kwa idadi ya watu. Lamu italipa kama milioni 12, yaani shilingi 83 kwa kila mtu. Kilifi milioni 30, yaani shilingi 21. Bado Lamu inaumia. Mkigawa yote kwa idadi ya watu, kila mkazi wa Pwani analipa kama shilingi 28, awe wa Faza au wa Nyali. Lamu inatoa milioni 4 na Kilifi milioni 40. Mimi nasema chukueni hiyo ya mwisho, na kura kwenye mamlaka ibaki moja kwa kila kaunti, ili wakubwa wasilipe halafu wakaamuru.

Kilifi itapiga kelele. Iacheni ipige, kisha iulizeni Mtwapa iko wapi, Mariakani iko wapi, Mazeras iko wapi. Miji yake inayokua iko mpakani, na ndiyo itakayotumia magari ya wenzake kwanza.

Lamu ina swali la haki zaidi: gari la nini? Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vya punda. Lori la zimamoto halipiti. Paa la makuti likishika moto wakati wa kaskazi, upepo unaupeleka moto kwa jirani kabla mtu hajamaliza kupiga yowe. Kinachofaa pale ni pampu za kubebwa na watu wawili, zinazovuta maji ya bahari kutoka gatini, mipira mirefu, na vijana wa mitaa waliofunzwa na wanaolipwa. Tana River nayo inahitaji boti za uokoaji kabla ya kitu kingine, kwa sababu mto ukifurika maji yanakuja kutoka mbali, kutoka milimani na kwenye mabwawa ya Seven Forks, na watu wa Garsen wanayaona yakiwa yamefika. Hazina ya pamoja inunue vitu hivyo. Ikinunua malori sita yanayofanana kwa sababu kila gavana anataka la kukata utepe, itakuwa imetumia vibaya fedha za watu maskini.

Nunueni mpira kabla ya gari

Gari kubwa la zimamoto linaweza kubeba kama lita 10,000. Pampu inayotoa lita 2,000 kwa dakika inalimaliza kwa dakika tano. Dakika tano, baada ya gari la mamilioni kufika kwa ving'ora. Baada ya hapo kinachozima moto ni mpira, hidranti, na kile kiungio cha chuma cha mwisho wa mpira.

Tarehe 7 Februari 1904 moto uliwaka katikati ya jiji la Baltimore, Marekani. Miji ya jirani iliitikia wito kama ndugu. Wazimamoto walikuja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia, hata New York, wakiwa na mashine zao. Walipofika wakakuta viungio vya mipira yao mingi havikai kwenye hidranti za Baltimore. Kila mji ulikuwa na kipimo chake. Moto uliendelea kwa zaidi ya saa 30 na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Ushirikiano ulikuwepo, nia njema ilikuwepo, watu walikuwepo. Nyuzi za viungio hazikulingana.

Jambo hilo liko karibu na nyumbani kuliko mnavyodhani. Uingereza hutumia aina moja ya kiungio, kile cha kusukuma na kujifunga chenyewe. Poland, Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya Bara hutumia kingine, cha Storz, chenye makucha mawili yanayozungushwa. Kenya imepokea magari ya msaada kutoka pande zote hizo. Gavana anapigwa picha akiwa ameshika funguo, na hakuna anayemwuliza mwisho wa mpira una umbo gani. Ulizeni. Kabla ya kununua au kupokea gari lolote, mkuu wa zimamoto wa kila kaunti alete kiungio kimoja mezani, mkononi, si kwenye barua pepe. Viwekwe pamoja. Visipofungana, chagueni kipimo kimoja, na nunueni viunganishi vya kubadilisha vya kutosha kwa kila gari katika kaunti zote sita. Ni kitu kidogo cha kutosha kuingia kwenye mfuko wa koti, na bei yake haimtoi jasho mhasibu. Katika orodha yote ya manunuzi yenu, ndicho kitakachookoa nyumba nyingi zaidi kwa shilingi chache zaidi.

Kisha mpokea simu. Hivi ndivyo simu inavyoweza kwenda mipaka ikiachwa iamue:

"Aloo, zimamoto? Duka linaungua hapa Mtwapa!"

"Mama, Mtwapa ni Kilifi. Piga Kilifi."

"Mwanangu, Kilifi wapi, na mimi Shanzu naiona hapa ng'ambo?"

Iandikeni simu nyingine, muitie kwenye mkataba kama kiambatisho, neno kwa neno, na muifundishe kwa kila anayekaa kwenye simu usiku: "Mama, gari linakuja. Kuna mtu ndani? Jirani yako ana gesi?" Namba iwe moja kwa Pwani nzima, chumba cha kupokea simu kiwe kimoja, na anayekaa pale awe na ruhusa ya kutuma gari lililo karibu zaidi bila kumpigia mtu. Gharama zitahesabiwa mwisho wa mwezi kati ya ofisi na ofisi. Mtu wa kuuliza LPO, ile hati ya manunuzi, asikaribie moto.

Mlipeni dereva wa usiku

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Sharti jema, lakini lina mtego wake kwa zimamoto. Gari linanunuliwa kutoka fungu la maendeleo. Dereva, mafuta, sevisi, bima, tairi, buti na makoti yasiyoshika moto vinatoka kwenye matumizi ya kawaida. Ndiyo maana kaunti inaweza kununua gari jipya linalong'aa na kulikosesha dereva wa zamu ya usiku. Linakaa uani, vumbi linaingia, betri inakufa, na siku ya moto vijana wa boda boda wanakuja kulisukuma.

Basi fanyeni hesabu kinyume. Kwanza andikeni gharama ya kuliendesha gari kwa miaka kumi: wazimamoto wa zamu tatu, mafunzo ya kila mwaka, mafuta, vipuri. Kila kaunti itie sahihi kwenye hesabu hiyo. Ndipo mkatangaze zabuni ya gari. Kaunti isiyotaka kutia sahihi kwenye mishahara haitaki zimamoto, inataka uzinduzi.

Kuhusu uzinduzi, ufanyeni tu, watu wanapenda kuona vitu vyao. Ila gari lije likiwa na maji ndani, na mgeni rasmi asihutubie mpaka lizime moto wa kweli wa mbao uliowashwa uwanjani mbele ya wananchi. Likishindwa, hotuba iahirishwe.

Fedha za kitaifa huchelewa, hilo kila waziri wa fedha wa kaunti analijua kwa uchungu. Mgao wa kaunti 47 kwa mwaka wa fedha 2025/26 ni shilingi bilioni 415, na bado kaunti nyingi hukaa miezi zikisubiri. Kwa hiyo mchango wa hazina ya pamoja msiuandike ulipwe Julai mara moja. Uandikeni kwa awamu nne, na fungu la kila robo mwaka litoke kabla ya safari za nje. Sheria nayo inairuhusu kila kaunti kuwa na hazina ya dharura, kwa matumizi yasiyozidi asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Hiyo ni ya maafa yasiyotarajiwa. Mshahara wa mzimamoto unatarajiwa kila mwezi, msiufiche humo.

Tarehe za kuandika ukutani

Bajeti ya kaunti ina saa zake, na atakayezikosa atangoja mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mradi wa pamoja usipotajwa humo, hautakuwa na pa kusimama baadaye. Taarifa ya mkakati wa fedha inafika kufikia 28 Februari; humo ndimo kila idara inapopewa kiwango chake. Makadirio ya bajeti yanawasilishwa kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Kaunti sita zinapaswa kuandika sentensi ileile, yenye kiasi kilichokubaliwa, kwenye mipango yote sita. Wekeni mtu mmoja wa sekretarieti ya Jumuiya, kazi yake iwe kusafiri na karatasi hiyo kutoka bunge moja hadi jingine mwezi wa Agosti, na asirudi ofisini mpaka ameiona sentensi ikiwa imechapishwa mahali sita.

Wawakilishi wadi watauliza kwa nini fedha za wadi zao ziende kwenye gari litakaloegeshwa kaunti nyingine. Wajibuni kwa ramani na saa, si kwa hotuba. Onyesheni kila wadi inafikiwa kwa dakika ngapi sasa, na itafikiwa kwa dakika ngapi baadaye. Wadi ambayo dakika zake hazipungui ielezwe hivyo waziwazi, na iandikiwe itapata nini badala yake na mwaka gani: pampu, tangi la maji kwenye shule, hidranti mbili sokoni. Mwakilishi atakayedanganywa mwaka huu ataipinga hazina mwakani, na atakuwa na sababu.

Na wewe uliyeitwa kwenye kikao cha maoni ukumbini, ukakuta viti vya plastiki na kitabu cha bajeti ambacho hakuna aliyekupa mapema, usizungumze juu ya ushirikiano kwa jumla. Omba ukurasa. Mstari wa mchango wa zimamoto ya pamoja uko ukurasa wa ngapi, ni shilingi ngapi, na mwaka uliopita zililipwa ngapi? Gari lililo karibu na wadi hii linaegeshwa wapi? Nani analiendesha saa nane za usiku, na mara ya mwisho alilipwa lini? Afisa akisema atakuletea majibu baadaye, mwambie karani aliandike swali lako kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jina la aliyeshindwa kulijibu na tarehe aliyoahidi kulijibu.